Kengele ya moto isiyojaribiwa: kutoka soko la Bujumbura hadi duka la Bruxelles

Jumapili tarehe 27 Januari 2013, asubuhi mapema, soko kuu la Bujumbura lilishika moto. Kutoka mpaka wa Kavimvira hadi katikati ya mji huo si mbali, na kwa wachuuzi wengi wa Uvira soko lile lilikuwa kama soko lao la pili. Vitenge, viatu, sabuni, vyombo vya plastiki, vyote vilipitia Gatumba kuja upande huu wa Kongo. Kwa hiyo habari ya moto haikuwa habari ya ugenini. Moto uliwaka saa nyingi. Magari ya wazima moto yalikuwa machache, maji hayakutosha, hadi Rwanda ikatuma helikopta kusaidia kumwaga maji kutoka juu. Maelfu ya wafanyabiashara walipoteza mali, na wengine walibaki na deni la benki juu ya bidhaa zilizokuwa zimegeuka majivu.

Baada ya moto mkubwa kama ule, maswali huwa ni yale yale: nani aliuwasha, kwa nini magari yalichelewa, nani atalipa. Kuna swali jingine ambalo watu huliuliza kwa nadra. Ndani ya jengo kubwa la biashara, vibanda vikiwa vimefungwa na wenyewe wakiwa nyumbani, ni nani au ni kitu gani chenye kazi ya kusema "moto" wakati moto bado ni mdogo wa kuzimwa kwa ndoo mbili? Mlinzi mmoja hawezi kuwa kwenye kila kichochoro. Waya ukichemka nyuma ya rundo la nguo, moshi hutambaa muda mrefu kabla ya moto kuonekana. Muda huo ndio mali yenyewe. Ukipotea, hata helikopta haiwezi kuurudisha.

Kengele ya kutangaza moto ilibuniwa kwa ajili ya muda huo. Historia yake ina zaidi ya miaka 150, na jambo moja linarudi ndani yake kila mara: majengo yaliyoua watu wengi hayakukosa vifaa peke yake. Yalikosa mtu wa kuvijaribu kabla ya siku ya hatari, au yalikuwa na mkaguzi ambaye neno lake halikusikilizwa.

Zamani moto ulitangazwa kwa mdomo. Aliyeuona alipiga kelele, jirani akapokea, na penye kanisa kengele ya kanisa ikapigwa. Lakini kengele ya kanisa husema tu kwamba kuna moto, haisemi uko wapi. Mwaka 1852 mji wa Boston, Marekani, ulianza kutumia mtambo wa kutangaza moto kwa waya za telegrafu, kazi ya daktari William Channing na fundi Moses Farmer. Visanduku viliwekwa mitaani. Aliyeona moto alizungusha mkono wa kisanduku, na namba ya kisanduku hicho ikafika kwenye ofisi kuu kwa mapigo ya umeme. Wazima moto wakajua mara moja waelekee mtaa gani. Mwaka 1890 Francis Robbins Upton, aliyewahi kufanya kazi pamoja na Thomas Edison, alipata hati ya uvumbuzi pamoja na mwenzake kwa kengele ya umeme inayoshtuka yenyewe. Katika karne ya 20 vikaja vifaa vya kunusa moshi, ambavyo huwahi kuliko vile vya joto kwa sababu moshi hutangulia.

Uvumbuzi huo ulihamisha kazi ya kuona moto kutoka kwa mtu kwenda kwa kifaa. Faida yake inaeleweka: kifaa hakilali. Hasara yake haisemwi sana. Mlinzi akiugua au akilewa, wenzake wanamwona. Kifaa kikifa, hakuna anayekiona. Kinabaki pale pale darini, rangi yake ile ile, na kila anayeingia dukani anaamini kuwa analindwa.

Tarehe 30 Desemba 1903, huko Chicago, watu walikuwa na imani ya namna hiyo. Jengo la michezo la Iroquois Theatre lilikuwa na wiki tano tu tangu lifunguliwe, na lilitangazwa kuwa haliwezi kuungua hata kidogo. Ilikuwa likizo ya mwisho wa mwaka, mchana, na watazamaji wengi walikuwa akina mama na watoto. Taa ya jukwaani ilirusha cheche, pazia likashika. Kulikuwa na pazia kubwa la asbesto lililopaswa kushuka na kuwatenga watazamaji na moto, lakini lilikwama njiani. Jengo halikuwa na kisanduku cha kuitia wazima moto, ingawa visanduku kama vile vya Boston vilikuwa vimekwisha kutumika kwa miaka 50. Mfanyakazi mmoja alilazimika kukimbia kwa miguu hadi kituo cha wazima moto. Huku nyuma watu walijazana kwenye milango yenye makomeo ambayo hawakujua jinsi ya kuyafungua, na milango mingine haikuwa na alama yoyote ya kuonyesha kwamba ni njia ya kutokea. Walikufa watu 602.

Kuna habari ndogo kuhusu jengo hilo inayostahili kukumbukwa kuliko ile ya pazia. Kabla ya ufunguzi, kapteni mmoja wa wazima moto alilitembelea. Aliona kwamba hakuna kengele, hakuna simu, hakuna mabomba ya maji ya kujifungua yenyewe. Alimwambia mkubwa wake. Jambo likaishia hapo. Ukaguzi ulikuwepo, basi, na uliona sawasawa. Kilichokosekana ni mtu wa kuugeuza kuwa amri ya kufunga jengo hadi litengenezwe, na kufunga jengo jipya wakati wa sikukuu, tiketi zikiwa zimeuzwa, kunahitaji mkubwa mwenye moyo.

Mfanyabiashara mmoja wa vyuma kutoka Indianapolis, Carl Prinzler, alikuwa amekusudia kuhudhuria mchezo ule, kazi ikamzuia. Miaka michache baadaye yeye na mwenzake mchora ramani za majengo walitoa kufuli lenye fito pana upande wa ndani: unausukuma mlango kwa kifua, unafunguka. Fito hiyo ipo leo kwenye hoteli, viwanja vya ndege na hospitali duniani kote. Nayo huzoea kutiwa mnyororo na walinzi wanaoogopa wezi, lakini hiyo ni habari nyingine.

Kwa Wakongomani, moto wenye maana zaidi katika historia hii ni ule wa Bruxelles, kwa sababu Bruxelles ndiko kulikotoka sheria, desturi za kazi na hata michoro ya majengo mengi ya katikati ya miji ya Kongo.

Duka la A l'Innovation lilikuwa kwenye barabara ya Rue Neuve, moja ya barabara za biashara zenye watu wengi zaidi mjini humo. Jengo lake la mwaka 1901 lilichorwa na Victor Horta, mchoraji majengo maarufu kuliko wote wa Ubelgiji wa wakati wake. Lilisifiwa kwa uzuri: vyuma vilivyopindwa kama maua, vioo, na katikati uwazi mkubwa ulioruhusu mwanga wa jua kushuka hadi chini kupitia ghorofa zote. Mteja aliyesimama katikati aliweza kuinua macho na kuona bidhaa za ghorofa zote kwa pamoja. Kwa biashara hilo ni jambo zuri sana. Kwa moto, uwazi kama ule ni bomba la moshi. Hewa ya moto hupanda, na palipo na njia iliyo wazi kutoka chini hadi paa, hupanda kwa kasi ambayo mtu anayekimbia ngazi hawezi kuishinda. Kadiri miaka ilivyopita duka liliongezwa na kuunganishwa na majengo mengine, na bidhaa zikajaa hadi kwenye pembe za mwisho: nguo, karatasi, mbao, mapambo ya plastiki.

Jumatatu tarehe 22 Mei 1967 duka lilikuwa na maonyesho ya bidhaa za Marekani. Saa saba na nusu hivi za mchana, moto ulionekana ghorofa ya kwanza, sehemu ya nguo za watoto. Juu, kwenye mahali pa kulia chakula, wateja walikuwa mezani. Jengo halikuwa na mabomba ya darini ya kumwaga maji yenyewe. Katika masimulizi ya siku ile inatajwa kengele iliyosikika bila kueleweka: wapo waliodhani ni kengele ya kawaida ya saa za mapumziko ya wafanyakazi. Hapo ndipo penye funzo kubwa kwa wenye majengo. Kengele ambayo watu hawajawahi kuisikia siku ya majaribio hawaitambui siku ya moto. Kuijaribu kila wiki, kwa saa inayojulikana, kunapima waya na batri, na pia kunafundisha masikio ya wote waliomo.

Ndani ya dakika chache ghorofa zote zilikuwa na moshi. Watu walitoka madirishani, wengine wakaruka. Barabara zilikuwa nyembamba, zimejaa magari, na ngazi za wazima moto zilipata taabu kufika. Paa la vioo na vyuma vya Horta vikaanguka ndani. Hesabu inayotajwa zaidi ni watu 251 waliokufa; hesabu nyingine zinapita 300, maana miili mingi haikuweza kutambuliwa. Chanzo hakikupatikana hadi leo. Kwa kuwa vita vya Vietnam vilikuwa vikiendelea na vijana walikuwa wameandamana dhidi ya maonyesho ya Marekani, watu wengi walisema ni mkono wa mtu. Hilo halikuthibitishwa. Mabishano ya nani aliuwasha moto yaliendelea miaka mingi, na yalifunika kidogo jambo lililokuwa wazi tangu siku ya kwanza: hata kama cheche ilitoka kwa mtu mbaya, jengo lenyewe ndilo lililoigeuza kuwa vifo 251.

Ubelgiji ilichukua miaka 12 kutoka majivu ya Rue Neuve hadi sheria ya tarehe 30 Julai 1979 kuhusu kuzuia moto na milipuko, iliyowatwika pia wenye majengo yanayoingiwa na watu wengi wajibu wa bima kwa ajili ya wanaodhurika. Yeyote anayelalamika kwamba serikali za Afrika ni nzito aikumbuke hesabu hiyo. Lakini kuna hesabu ya pili. Kongo ilikuwa imepata uhuru mwaka 1960, miaka saba kabla ya moto wa Innovation. Sheria ya 1979 haikuwa na nguvu huku. Kwa maneno mengine, Kongo ilirithi majengo ya Wabelgiji na mazoea yao ya kabla ya funzo. Funzo lenyewe lilipokuja, ndugu walikuwa wamekwisha gawana nyumba.

Miaka 45 baada ya Bruxelles, mwaka 2012, viwanda viwili vya nguo huko Asia viliungua ndani ya miezi mitatu. Habari zake ziliwafikia watu wa Kivu kwa redio kama habari za mbali, ingawa nguo za viwanda vya nchi hizo hufika hadi kwenye mabalo ya masoko ya huku.

Cha kwanza kilikuwa Karachi, Pakistani, tarehe 11 Septemba 2012, kiwanda cha Ali Enterprises. Walikufa watu zaidi ya 250. Madirisha yalikuwa na nondo, milango ilikuwa imefungwa. Mwaka 2020 mahakama iliwahukumu watu kwa kuuwasha moto ule makusudi, katika mambo ya kudai fedha kwa nguvu. Lakini angalia tarehe ya karatasi: wiki chache tu kabla ya moto, kiwanda hicho kilikuwa kimepewa cheti cha kimataifa kinachojulikana kama SA8000, kinachosema kwamba mahali pa kazi panatimiza masharti ya haki na usalama wa wafanyakazi. Jengo lenye nondo kwenye madirisha lilipita mtihani. Cheti kilikuwa halali, chenye sahihi na mihuri yake yote.

Cha pili kilikuwa Tazreen Fashions, karibu na Dhaka, Bangladeshi, tarehe 24 Novemba 2012. Moto ulianzia chini, palipowekwa nyuzi na vitambaa. Hapa kengele ilifanya kazi. Ililia. Wafanyakazi walisimama kutoka kwenye cherehani, na wasimamizi wakawaambia warudi wakae, ni kitu kidogo, kazi iendelee. Moshi ulipofika juu ulikuwa umekwisha ziba ngazi, maana ngazi zote zilishuka kuelekea chini kulikokuwa na moto. Watu wasiopungua 112 walikufa. Ukikaa na habari hii unaona kwamba kengele ni nusu ya kifaa. Nusu nyingine ni ruhusa ya mfanyakazi mdogo kuacha kazi bila kumwogopa bosi. Ukaguzi unaotazama waya na kuiacha ruhusa hiyo haujakagua kitu.

Aprili 2013 jengo la Rana Plaza, nchi hiyo hiyo, liliporomoka na kuua watu zaidi ya 1,100. Hapo vyama vya wafanyakazi na makampuni ya kuuza nguo ya Ulaya na kwingineko walitia sahihi mapatano ya usalama wa moto na majengo. Mapatano hayo yalikuwa na meno kwa sababu mbili. Wakaguzi hawakulipwa na mwenye kiwanda, na ripoti zao ziliwekwa hadharani, kiwanda kwa kiwanda, pamoja na orodha ya vitu vya kurekebisha na tarehe zake. Viwanda zaidi ya 1,500 vilikaguliwa. Kiwanda kilichokataa kutengeneza kilipoteza wateja. Kati ya yote yaliyojaribiwa baada ya vifo vya namna hii, hilo ndilo linalokaribia zaidi kile ambacho kapteni wa Chicago alikikosa mwaka 1903.

Yote haya yanaweza kuonekana ni mambo ya wenye maghorofa. Familia iliyokimbia kijiji ikiwa na sufuria moja na mkeka mmoja ina shida nyingine. Lakini watu waliohama ndio wanaoishia kwenye majengo ambayo hakuna anayeyakagua. Tarehe 31 Agosti 2023 jengo la ghorofa tano katikati ya Johannesburg liliungua usiku na kuua watu 76. Lilikuwa mali ya mji, liliachwa, likajaa watu wasio na pahali pengine, wakiwemo wahamiaji kutoka Malawi, Tanzania na Msumbiji. Vyumba viligawanywa kwa mbao na mapazia, na watu walikuta mageti yamefungwa. Tume ya uchunguzi ilipotoa ripoti mwaka 2024 iliutwika mji lawama, kwa sababu hali ya jengo ilijulikana kwa miaka na hakuna aliyechukua hatua.

Katika mashariki ya Kongo, vita vinapokaribia, watu hulala kwenye madarasa, makanisa, na pengine kwenye depo au nyuma ya duka ambalo mwenyewe amewahurumia. Jiko la makaa huwashwa ndani mvua inaponyesha. Waya moja ya umeme hugawiwa vyumba sita. Kinamama huuza mbele ya magazini na kuhifadhi bidhaa ndani usiku. Wanaume waliokuwa wakulima hupata kazi ya ulinzi, na kwa kazi hiyo wao ndio wanaofungiwa nje au ndani na funguo zikaondoka na bosi. Kwa hiyo swali la kengele ya moto katika jengo la biashara ni swali la familia hizo pia, hata kama jina lao halimo kwenye mkataba wa kupanga.

Tukio la Kinshasa la usiku wa kuamkia tarehe 13 Desemba 2018 linaonyesha kwamba hata serikali haijiokoi. Depo ya CENI huko Gombe iliungua siku kumi kabla ya uchaguzi. Mashine za kupigia kura zipatazo 8,000, sehemu kubwa ya zile zilizopangiwa Kinshasa, ziliteketea. Uchaguzi ukasogezwa kutoka tarehe 23 hadi 30 Desemba. Kila upande wa siasa ulimnyooshea kidole mwingine, kama Bruxelles mwaka 1967, na mazungumzo ya jinsi depo yenye mali ya taifa inavyopaswa kulindwa na moto yakamezwa na mazungumzo ya mkono wa nani.

Ukaguzi wa kweli unafanana na nini? Si kazi kubwa, na hapo ndipo inaposikitisha. Kanuni ya Uingereza inayoitwa BS 5839, ambayo mafundi wengi duniani huifuata, inataka kengele ijaribiwe kila wiki: mtu anabonyeza kitufe kimoja cha ukutani, na wiki ijayo anabonyeza kingine, hadi vyote vimepitiwa, halafu anaanza upya. Mwingine anatembea ndani ya jengo kusikiliza kama sauti inafika chooni, stoo, na kwenye chumba cha mlinzi. Fundi anayejua mtambo anakuja angalau kila miezi sita. Anafuta vumbi kwenye vifaa vya kunusa moshi, maana vumbi la barabara zetu huvifanya vilie ovyo au visilie kabisa, anapima waya, anapima batri. Kila jaribio linaandikwa kwenye daftari: tarehe, kitufe gani, nini kilionekana, nani aliyejaribu.

Batri inastahili maneno zaidi. Mtambo wa kengele hutumia umeme wa kawaida, na batri iko ndani kwa ajili ya siku umeme unapokatika. Kanuni hiyo ya Uingereza inadai kwa kawaida batri ishikilie saa 24, kisha iweze bado kupiga kengele kwa nusu saa. Waliotunga kanuni walifikiria nchi ambako umeme ukikatika leo, kesho umerudi. Mji ambako SNEL hukata siku tatu mfululizo hauna saa 24 hizo. Batri inaisha siku ya pili asubuhi, na tangu hapo mtambo wote ni pambo. Zaidi ya hayo, batri inayoisha kabisa mara kwa mara huzeeka upesi. Kwa hiyo jengo la biashara la Uvira, Bukavu au Goma linahitaji kujaribu batri zake mara nyingi kuliko jengo la London, na mara nyingi mambo huwa kinyume. Na umeme unaporudi kwa nguvu baada ya kukatika, ndio wakati waya mbovu hushika moto, kengele ikiwa bado imekufa.

Kuna pia ugonjwa wa kuzima kengele kwa makusudi. Inalia usiku kwa sababu ya mende au mvuke wa jikoni, wateja wa hoteli wanalalamika, mlinzi anaambiwa aikate. Anaikata, na hakuna anayemwambia airudishe. Mlinzi huyo asilaumiwe, alitii. Daftari ndilo lingeonyesha kwamba tangu siku ile hakuna jaribio lililoandikwa.

Kanuni ya Kazi ya Kongo, sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, ina sehemu nzima kuhusu afya na usalama mahali pa kazi. Inataja kamati ya usalama na usafi ndani ya kampuni, na inawapa wakaguzi wa kazi wa serikali haki ya kuingia na kutazama. Mfanyakazi wa depo anaweza kuuliza kamati hiyo iko wapi. Kamati ya wahami inayopewa jengo la kulala inaweza, kabla ya kuingiza watoto, kumwomba mwenyewe abonyeze kitufe mbele yao, afungue mlango wa nyuma mbele yao, na aseme ufunguo hulala kwa nani. Wengi watajibiwa kwamba jengo halina mtambo wowote.

Mahali kama hapo hutumika kitu ambacho kila mtoto wa shule wa huku anakijua: rimu ya gari iliyotundikwa kwenye mti au kwenye boriti, na chuma cha kuipigia kikiwa kimefungwa kando yake kwa kamba kisipotee. Nayo huhitaji kujaribiwa mbele ya wote wanaolala pale, mchana na mara moja usiku, na mtu akisimama kwenye chumba cha mwisho kusikiliza. Mapigo yake yasifanane na yale ya kuingia darasani wala ya kuitia watu kwenye mgao wa chakula: ya mfululizo, bila kupumzika, hadi mtu wa mwisho awe nje.